Mstari wa Makala

Chumba ni kimoja, kodi twagawana watano,
Nyawera, ghorofa ya pili, juu ya fundi cherehani.
Akikanyaga pedali huko chini, sakafu yetu husikia,
na projekta, iliyokaa juu ya kreti ya bia isiyo na chupa,
hutikisa mji mzima ukutani:
Kadutu inacheza, Bagira inacheza,
hadi pindo la gauni likamilike.

Mimi nina vilima kwenye kompyuta yangu.
Ansima ana mapaa ya nyumba, ameyahesabu moja moja.
Cikwanine ana mvua za miaka saba.
Zamani kila mtu alikuwa na Bukavu yake, kaifungia kwa neno la siri.
Ukitaka mvua, unaomba mvua,
unapewa kwenye fleshi, na virusi unapewa bure.
Fleshi hiyo moja ilipita mikono yote mitano,
ikalala siku nne mfukoni mwa suruali, ikafuliwa,
ikatoka inanukia sabuni, mvua zote zimekauka.

Ndipo tukavuta nyaya, tukaunga kila mashine na ukuta.
Sasa paa la Ansima linakaa juu ya kilima changu
na mvua ya Cikwanine inashukia yote, buluu, kimya.
Hakuna anayeomba. Unainua macho, unaona.
Ukikosea, wote wanaona umekosea.
Hilo halikuandikwa kwenye mkataba wa kodi.

Ukuta wenyewe una ufa,
kutoka dirishani hadi kwenye soketi.
Mwenye nyumba anaahidi rangi tangu Krismasi.
Jioni moja ya Novemba mtu aligonga kreti,
ramani ikasogea upana wa kidole,
na ufa ukalala sawasawa juu ya korongo la Funu.
Hatukucheka.
"Iacheni hapo hapo," Ansima akasema,
akashuka kwa mama anayechoma mahindi mlangoni,
akarudi na kipande cha makala.

Wenzetu wa pwani, mtusamehe: kwenu makala huandikwa.
Kwetu makala huivisha maharagwe, hupasha pasi,
na jioni ile makala yaliandika.
Alifuata ukingo wa korongo pole pole,
mwanga ukimwandika naye mgongoni,
mtaa wa watu ukipita mabegani mwake,
nyumba kumi na moja shingoni.
Kwenye ya kumi na mbili akasimama.
"Hii ya shangazi," akasema. Akaizungushia duara.

Umeme unajua saa yake.
Feni ikakata pumzi, mji ukaingia ndani ya ukuta.
Kutoka chini fundi akapiga kelele, "Moto imeenda!"
kana kwamba sisi tulibakiwa na mwingine.
Halafu simu moja ikawasha tochi,
na kwenye chokaa hapakuwa na mvua, wala kilima, wala paa.
Palikuwa na mstari mweusi
na duara.

Shangazi alihamia kwa Ansima Jumapili,
na kuku watatu, na mlango wake,
mlango, ndiyo, kaung'oa na bawaba zake,
hawezi kuwaachia matope mbao za mvule.
Korongo bado halijashuka. Huenda halitashuka.
Hupanda ngazi zetu kila wiki kuuliza,
kama mtu anayefuatilia deni.

Siku hizi ukutani tuna mabomba ya maji ya Ibanda.
Mstari unapita katikati yake, hauhusiani na bomba lolote.
Wageni huuliza, huu ni mto gani?
Mwenye nyumba amekuja mwishowe na kopo la rangi nyeupe.
Tulimweleza kuwa ukuta ni faili letu, tusilifute.
Akatazama ufa, akautazama tena.
Akaweka kidole ndani ya duara:
"Na humu, nani anaishi?"

Kopo liko nyuma ya mlango, halijafunguliwa.
Cikwanine hulikalia akila mahindi.